Sura ya Tano: Unga, Maji na Moto

Historia yetu ya miaka 100 iliyopita kwa kawaida huanzia kwenye reli, hupita kwenye mkonge na pamba, hufika kwenye Uhuru wa 1961 na Azimio la Arusha la 1967, kisha siku hizi huishia kwenye simu ya mkononi. Yote hayo ni kweli. Lakini ni historia ya barazani, ya watu waliokaa wakingoja chakula kiletwe. Katika sura hii naomba tuingie jikoni, tuulize mambo matatu ambayo kila nyumba ililazimika kuyajibu kila siku ya karne hiyo: unga unasagwa na nani, maji yanachotwa na nani, na moto unakokwa kwa kitu gani.

Tuanzie Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, mwaka 1925. Watu wa huko walikuwa na miaka michache tu tangu watoke kwenye Mtunya, njaa kubwa iliyofuata baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo ya vita, kisha mvua nayo ikakosa. Waliobaki walilima uwele na mtama. Unga wa uwele haukai. Punje yake ina mafuta, na ikishasagwa unga huanza kuchacha na kuwa mchungu baada ya siku chache, kwa hiyo mwanamke hakuweza kusaga wa mwezi mzima akapumzika. Alisaga cha leo leo. Alipiga magoti mbele ya jiwe kubwa lililoinamishwa kidogo, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, akasukuma kwa uzito wa kifua, akavuta, akasukuma tena. Kazi ilianza kabla jua halijatoka na ilikula saa kadhaa. Hapo bado hajaenda majini, na kiangazi mito ya Ugogo ni mchanga mtupu: maji hufukuliwa, husubiriwa yajikusanye, huchotwa kidogo kidogo kwa kata. Kuni nazo zinamngoja. Na shamba, msimu ukifika, linamngoja zaidi.

Mume wake huenda hayupo. Serikali ya Waingereza ilidai kodi kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako wanaume wa bara walikwenda kuwa manamba. Vitabu vimeandika mengi juu ya manamba, na wanastahili. Kazi ya waliobaki haikuandikwa kwa sababu haikulipiwa kodi wala mshahara. Karani wa mkoloni alihesabu vibanda, akahesabu marobota ya mkonge, akahesabu ng'ombe. Hakuwahi kuhesabu saa za jiwe.

Pwani na kusini jiwe lilikuwa na mwenzake, kinu na mchi. Mahindi, yaliyokuja kutoka Amerika kwa njia ya Wareno karne nyingi kabla, yalikuwa yanaenea kwa kasi, na kuyafanya yawe unga mweupe ilikuwa shughuli ya siku kadhaa. Kwanza hukobolewa kinuni kwa maji kidogo ili ganda litoke. Hupepetwa kwa ungo, pumba zikatengwa. Hulowekwa mpaka yalainike, huoshwa, huanikwa, hutwangwa upya, huchekechwa, na chenga zinazobaki hurudishwa kinuni. Wanawake wawili au watatu waliweza kutwanga kinu kimoja kwa kupokezana mapigo, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka, na anayekosa mapigo anaharibu kazi ya wote.

Ndiyo maana waliimba. Nyimbo za kutwanga na za kusaga ziliwapangia mwendo, lakini zilifanya na kazi nyingine ambayo sisi tumeisahau upesi mno. Mwanamke aliyeolewa ugenini, asiyeruhusiwa kumjibu mama mkwe wala kumlaumu mume mbele za watu, aliweza kuyaimba hayo yote akiwa ameshika mchi. Kila mtu uani alisikia. Hakuna aliyeweza kumwadhibu, maana alikuwa anaimba tu, na tena alikuwa anafanya kazi. Kinu kilikuwa baraza lake. Mashine ilipokuja baraza hilo likafungwa, na sijui mahali pengine lilikohamia. Hata hivyo sitaki mtu ambaye hajawahi kushika mchi kwa saa mbili anieleze uzuri wa kinu. Mabibi waliotwanga maisha yao yote walifurahi mashine ilipofika, na furaha yao ndiyo ushahidi ninaouamini.

Mashine yenyewe haikuletwa kwa ajili yao. Unga wa mashine ulianza kwa wingi kwenye posho: chakula walichopewa vibarua wa reli, wa bandari na wa mashamba makubwa, kilichosagwa kwa pamoja kwa sababu mwajiri hakuajiri wake zao. Kutoka huko injini za dizeli zikasambaa mijini na kwenye vituo vya biashara, nyingi zikimilikiwa na wafanyabiashara wa Kihindi, baadaye na vyama vya ushirika, na baada ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, iliyowaweka watu pamoja vijijini, zikawa miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo kijiji kipya kilitamani kuwa nayo: shule, zahanati, bomba, mashine. Mlio wake ulisikika umbali mrefu, na watu walijua kwa mlio kama leo kuna dizeli au hakuna. Mwanamke alifika na debe lake la mahindi kichwani, akaweka foleni, akalipa, akarudi na unga. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: katika miaka 100 hii hakuna chombo kilichompa mwanamke wa Afrika Mashariki saa nyingi zaidi kuliko mashine ya kusaga. Haijajengewa mnara popote.

Kilichofuata hakikuwa kusaga kwa urahisi tu. Tazama jinsi mtama na uwele vilivyoachia nafasi mahindi. Wataalamu watataja mbegu, bei na soko, na wana haki. Lakini mtama una adui ambaye mahindi hayana: ndege. Suke la mtama liko wazi, hindi limefunikwa na maganda. Shamba la mtama linalokaribia kukomaa linahitaji mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri mpaka jioni kwa wiki kadhaa, na mtu huyo alikuwa mtoto. Azimio la Musoma la 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 lengo likawa watoto wote wa umri wa shule wawe darasani. Muamiaji ndege akapewa daftari. Mama akabaki na chaguo: aamie yeye, au apande mahindi. Mahindi yakaingia hata mahali ambapo mvua haiyatoshi, na miaka ya ukame Ugogo huo huo umeonja gharama yake.

Mashine ya kukoboa ilileta badiliko la pili, la sembe. Zamani unga mweupe ulikuwa wa sikukuu na wa mgeni kwa sababu ulimchosha mtu. Mashine iliufanya wa kila siku. Ukikoboa unaondoa ganda na kiini, na pamoja navyo sehemu kubwa ya mafuta, vitamini za kundi B na madini. Unachobakiza ni wanga mweupe unaokaa dukani muda mrefu bila kuchacha, na ndiyo sababu mwenye duka anaupenda. Dona likabaki chakula cha shule za bweni, jeshi na magereza, likapata sifa ya ukata. Siku hizi daktari anamrudisha mgonjwa wa kisukari kwenye dona na uwele, chakula cha bibi yake, na mgonjwa analinunua kwa bei ya juu kuliko sembe. Naliona hili kuwa hasara ya kweli ya karne, na hatukulazimika kuipata. Mashine ile ile inasaga dona vizuri tu.

Wasomaji wa umri fulani wanakumbuka kwamba safari hii haikwenda mbele wakati wote. Mwaka 1974 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi iliagiza mahindi ya njano kutoka nje, na watu wa Dar es Salaam wakauita unga wake Yanga, kwa rangi ya jezi ya timu hiyo. Miaka hiyo hiyo ya 1980 mashine nyingi vijijini zilisimama kwa kukosa dizeli, mikanda na vipuri. Mchi ukatolewa darini.

Maji yana hadithi ngumu zaidi, maana hapo tuna vipimo, na vipimo havisemi tulichotarajia.

Chombo kwanza. Mtungi wa udongo ulipoza maji vizuri lakini ulikuwa mzito hata ukiwa mtupu, na ukianguka umekwisha. Mafuta ya taa ndiyo yaliyoleta debe, bati la galoni nne, kiasi cha lita 18, na mafuta yakiisha bati lilibaki. Debe likawa chombo cha maji, kipimo cha nafaka, bati la kuezekea, malighafi ya vibatari. Hadi leo gunia la mahindi linahesabiwa kwa debe, ingawa vijana wengi hawajawahi kuliona debe la mafuta. Kisha ikaja plastiki: ndoo, na dumu la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kula. Plastiki haivunjiki, haina kutu, ni nyepesi. Maji yenyewe hayakupungua uzito. Lita 20 ni kilo 20, kwenye shingo ya mama mjamzito na kwenye shingo ya mtoto wa darasa la tano.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White, wakisaidiana na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, walifanya jambo ambalo karani wa mkoloni hakulifanya. Walikwenda katika maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania, mijini na vijijini, wakapima kila nyumba inatumia maji kiasi gani, yanatoka wapi na yanachukua muda gani. Kitabu chao kilitoka 1972. Miaka 30 baada ya vipimo hivyo watafiti wengine walirudi katika maeneo yale yale wakapima tena. Nyumba zisizo na bomba zilikuwa zimeongeza matumizi, kutoka kama lita 11 kwa mtu kwa siku hadi karibu 20. Hilo ni jema. Lakini muda wa kuyatafuta maji hayo ulikuwa umepanda kutoka wastani wa dakika 28 kwa siku hadi dakika 92. Na nyumba zenye bomba, zile tulizodhani zimeshavuka, zilikuwa zimeshuka kutoka lita 128 kwa mtu hadi 66, kwa sababu bomba lilikuwapo ila maji yalitoka siku mojamoja.

Soma tena hiyo 28 na 92. Kati ya vipimo hivyo viwili tulipata Azimio la Arusha, tukapata shule kila kijiji, tukapata televisheni, Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Bara mwaka 1994. Na mwanamke asiye na bomba akawa anatumia zaidi ya mara tatu ya muda wa mama yake kutafuta maji. Foleni ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya muda huo. Miji ilikua kuliko mabomba yake. Dar es Salaam ya sensa ya 1967 ilikuwa na watu wasiofika 300,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza 1959 na wa Ruvu Chini 1976, na kwa miaka mingi baada ya hapo mji uliendelea kunywa kwenye bomba la mji mdogo.

Vijijini nia haikukosekana. Mwaka 1971 serikali ilijiwekea miaka 20 ya kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Waholanzi walichimba visima vifupi Shinyanga, Wafini wakaweka pampu za mkono Mtwara na Lindi, Waswidi wakafanya kazi mikoa ya Kanda ya Ziwa. Maji yalikuwa bure. Kisha bei ya mafuta ikapanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na pampu za dizeli zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine. Mwaka 1991 ulifika, mita 400 zikabaki kwenye karatasi. Sera ya 2002 ikazirudia. Sheria ya 2019 ikaanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani ikaenea nchi nzima. Kazi imefanyika kwa kweli, na vijiji vingi vimeona maji ya bomba kwa mara ya kwanza. Ninachoomba ni kwamba tuihesabu kwa dakika za mchotaji. Idadi ya vituo vilivyozinduliwa haitoshi, maana kituo kinaweza kuzinduliwa Julai na kukauka Novemba.

Kuna jambo moja kwenye maji ambalo nimelikuta pia kwenye unga, na ndilo lililonifanya niandike sura hii. Maji ya nyumbani, ya bure, yanabebwa na mwanamke kichwani. Lakini maji yakiwa na bei yanabebwa na mwanamume. Zanzibar na Mombasa za zamani, Washihiri kutoka Hadhramaut walichota maji na kuyauza nyumba kwa nyumba. Mijini leo muuza maji mwenye mkokoteni uliojaa madumu ni kijana wa kiume. Aliyebeba ndoo ya nyumbani kwenye foleni ile ile ni binti. Vijijini dumu likifungwa kwenye baiskeli linaendeshwa na kaka. Likiwa la kubebwa, ni la dada. Na mashine ya kusaga? Aliyesaga kwa jiwe alikuwa mwanamke. Mwendesha mashine ni mwanamume, mwenye mashine mara nyingi ni mwanamume, na mwanamke amekuwa mteja wa kazi iliyokuwa yake. Kazi ya jikoni ikipata gurudumu, injini au bei, inahama mikono. Isiyopata inabaki palepale.

Mwelekeo wa kinyume nao upo. Enzi za ukoloni, mpishi, dobi na mtumishi wa ndani katika nyumba za Wazungu wa Dar es Salaam na Tanga karibu wote walikuwa wanaume, wenye kazi iliyojulikana na mshahara uliotegemewa na ukoo. Thamani ya mshahara ilipoanguka, hasa miaka ya 1980, na wanawake wa mjini wakaingia maofisini na sokoni, kazi ile ikashuka mpaka kwa wasichana kutoka Iringa, Dodoma na Singida, wengi wakiwa wamemaliza tu darasa la saba. Wanaume waliiacha pamoja na heshima yake. Saa ambazo mama wa mjini amezipata karne hii, nyingi hazikutoka kwenye mashine. Zimetoka kwa binti huyu anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, ambaye watoto wanamwita dada na ambaye mara nyingi hana mkataba. Kila tunaposema maisha ya wanawake yamekuwa mepesi, tumhesabu na yeye.

Nuru na habari nazipitia haraka, maana zimeshaandikwa vya kutosha. Kibatari, chemli, karabai ya harusi na ya duka, kisha umeme: mijini mapema, vijijini kwa wingi baada tu ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi 2007. Redio: Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, na kufikia miaka ya 1970 redio ya betri ilikuwa na uwezo wa kuamsha nchi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadili malaria, kichocho na kuhara, nao wakatoka hapo wakachimba vyoo. Simu za mkononi zilikuja 1994, zikiwa za matajiri. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008, na ndani ya miaka michache mtu asiye na umeme nyumbani alikuwa analipa dukani ili kuchaji simu yake.

Kwa nini simu iliruka milima ambayo bomba na jiko vilishindwa kuipanda? Watu husema ni kwa sababu watu waliitaka. Mwanamke anayepuliza kuni mbichi anataka jiko jingine kuliko mtu yeyote alivyowahi kutaka simu. Tofauti ni kwamba kila dakika ya simu ilimwingizia mtu fedha, kwa hiyo wapo waliokuwa tayari kujenga mnara juu ya mlima na kumuuzia mteja vocha ndogo kabisa. Pafu la mama halina vocha. Saa zake za kuni hazina bei, na kisicho na bei hakimpati mwekezaji.

Hivyo tunafika kwenye moto, na hapo karne imetembea kidogo mno. Kaya zaidi ya nane katika kila kumi Tanzania bado zinapika kwa kuni au mkaa. Mafiga matatu ya 1925 bado ni mafiga matatu. Kilichobadilika ni umbali wa kuni. Operesheni Vijiji iliwaweka pamoja watu waliokuwa wametawanyika, na kuni zilizokuwa nyuma ya nyumba zikawa za kufuatwa kwa miguu kila mwaka mbali zaidi. Huko Kenya, Wangari Maathai aliwasikiliza wanawake wa vijijini wakilalamika kwamba kuni zimekuwa mbali na vijito vinakauka, na mwaka 1977 akaanza kupanda nao miti. Dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Alichokuwa amefanya mwanzoni ni kuamini kwamba malalamiko ya jikoni ni habari za nchi.

Mijini kuni ziligeuka mkaa. Mkaa ni mwepesi kusafirisha, unapika bila moshi mwingi, na una bei. Kwa hiyo unachomwa na wanaume, unasafirishwa na wanaume kwa baiskeli, pikipiki na malori, na unanunuliwa na wanawake kwa kopo. Mafundi wa jua kali wa Nairobi walitengeneza miaka ya 1980 jiko la bati lenye udongo wa kuchoma ndani, linalotumia mkaa kidogo kuliko la bati tupu, na likaenea mpaka kwetu. Hilo ni moja ya mafanikio machache ya moto karne nzima. Lakini bado ni mkaa. Serikali yenyewe imekadiria kuwa Watanzania wapatao 33,000 hufa kila mwaka kwa magonjwa yanayohusiana na moshi wa jikoni. Msiba wa aina hiyo ungekuwa wa mafuriko, bendera ingepepea nusu mlingoti.

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanaitumia. Mitungi midogo ya gesi imegawiwa, na ni mwanzo mzuri. Ila mtungi wa kwanza wa bure haupiki chakula cha mwezi wa pili. Anayenunua mkaa kwa kopo hupata fedha yake kwa siku, na gesi inamtaka alipe ya wiki kadhaa kwa mkupuo. Ndiyo maana nyumba nyingi zina gesi ya chai na mkaa wa maharage. Jiko la umeme la presha linaivisha maharage kwa umeme kidogo sana kuliko watu wanavyodhani, lakini bei ya kulinunua inamshinda yule yule anayelihitaji. Walioiuza simu walilijua tatizo hili wakalitatua kwa vocha ndogo. Gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu imeshaanza kujaribiwa mijini. Ifike kwa mama wa kijijini.

Na ikifika, nawaomba wanaopanga mkakati huu, wabunge, madiwani na mameneja wa benki, waulize swali ambalo halikuulizwa mashine ya kusaga ilipoingia kijijini: wakala wa gesi wa hapa ni nani, fundi wa majiko ni nani, mkopo wa kufungua duka la mitungi umepewa nani? Kazi ya moto inakaribia kupata bei. Wanawake waliokoka moto huo kwa miaka 100 bila malipo wawe wa kwanza kulipwa.